Iqlimu Saba na Herufi Tano: Nani Alituweka Nje ya Hesabu?



Wajua kuwa jina la mwezi huu lenyewe ni habari ya hali ya hewa? Maalim wetu chuoni alitufundisha kwamba Ramadhan latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ukali wa joto, lile joto la mawe yakipigwa na jua mpaka hayakanyagiki. Waarabu walipokuwa wakiipa miezi majina, wanavyueleza wengi, mwezi huu ulikuwa umeangukia wakati wa hari. Sisi watoto wa darasa lile pale Mombasa tuliitikia tu, lakini joto tulilolijua lilikuwa la aina nyengine: lile la unyevu, kanzu inashika mgongo, mtu amekaa kivulini na jasho lamtiririka. Mawe ya kuunguza nyayo tuliyaelewa nusu nusu.

Leo niko Nairobi nasoma, na miaka hii Ramadhan imeangukia kaskazi. Chumbani hosteli tuko watatu, mmoja wetu ni kijana wa Wajir. Saa kumi ya alfajiri tukiamka kula daku mimi najifunika blanketi, manake baridi ya Nairobi usiku haichagui mwezi. Nikipiga simu nyumbani, mama asema Mombasa usiku huo hakulaliki bila feni. Naye mwenzangu akiongea na kwao, ni jua na vumbi na visima. Sasa angalia: sote watatu twafunga takriban saa zilezile. Tofauti ya magharibi baina ya Mombasa na Nairobi ni dakika kumi na kitu tu, na Wajir ni karibu sawa na Mombasa. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa sababu sote tumekaa jirani na mstari wa ikweta: Mombasa nyuzi 4 kusini, Nairobi nyuzi 1 na kidogo kusini, Wajir nyuzi 1 na zaidi kaskazini.

Jua moja, mchana mmoja, na kiu tatu mbalimbali. Kwa nini?

Swali hili si la mtihani wa jiografia tu. Wanazuoni wakubwa, Wagiriki kisha Waislamu, walilijibu kwa njia moja kwa zaidi ya miaka elfu, na jibu lao lilikuwa na makosa, na kosa lenyewe lilituangukia sisi watu wa huku. Ndio nikaona niliandike.

IQLIMU NI NINI

Kwanza tutenganishe maneno. Mvua ya jana au mawingu ya leo asubuhi, hiyo ni hali ya anga. Hali ya hewa, au tabianchi kama wanavyosema siku hizi, ni desturi ya mahali kwa miaka mingi. Wataalamu huchukua miaka 30. Kwa Kiarabu twasema iqlimu, na hilo neno Waarabu waliliazima kwa Wagiriki. Kwa Kigiriki asili yake ni mwinamo, yaani vile jua linavyoinama ukiwa mahali fulani. Ukienda mbali na ikweta jua la adhuhuri laanza kuinama, halikai tena utosini.

Mayunani wale walikuwa na mtindo wao wa kuigawa dunia. Aristotle aliigawa mikanda mitano: miwili ya barafu huko ncha za dunia, miwili ya wastani, na mmoja wa katikati unaoungua kwa jua. Huo wa katikati alisema haukaliki. Baadaye Ptolemy, aliyeishi Alexandria katika karne ya 2, alitumia iqlimu saba, na kipimo chake kitakufurahisha wewe uliyefunga: alipima kwa urefu wa mchana! Alichukua mchana mrefu kuliko yote katika mwaka. Iqlimu ya kwanza ilipita Meroe, katika Sudan ya leo, ambako mchana huo hufika saa 13. Ya pili Aswan, saa 13 na nusu. Ya tatu Alexandria, saa 14. Akaendelea hivyo kwa nusu saa nusu saa mpaka ya saba, mdomo wa mto Dnieper kule Bahari Nyeusi, saa 16.

Hebu sasa tizama ramani. Meroe iko juu sana, kaskazini mwa Khartoum. Kila kilicho chini yake, Habasha, Mogadishu, Lamu, Mombasa, Kilwa, hakimo katika saba. Na ajabu ni kuwa Ptolemy huyohuyo aliandika habari za Rhapta, mji wa biashara wa pwani yetu ya zamani. Mabaharia walikuwa wamemwambia kuna watu. Lakini watu hao hawakuingia katika hesabu.

Waislamu walipoipokea elimu hii hawakuibeba kama mzigo wa gunia. Al-Khwarizmi kule Baghdad aliandika upya orodha ya miji na vipimo vyake katika karne ya 9, akarekebisha mengi ya Ptolemy. Al-Idrisi alikuwa Palermo kwa mfalme Roger wa pili wa Sicily, na kitabu chake kilikamilika mwaka 1154. Alizigawa iqlimu saba, kila moja vipande kumi, ikawa ramani 70. Kusini aliiweka juu, kaskazini chini, kwa hivyo ukiiona mara ya kwanza utadhani umeigeuza. Yeye aliianza iqlimu ya kwanza kwenye ikweta, na huku kwetu akatutia humo: aliandika habari za Malindi na chuma chake, na za Mombasa pia. Basi tukaingia ramani, alhamdulillahi, japo kwa mlango wa nyuma.

BARIDI YA IBN FADLAN

Kabla sijafika kwenye maudhi yenyewe, nipitie upande wa pili wa dunia, manake kuna kisa nakipenda.

Mwaka 921 khalifa al-Muqtadir alituma ujumbe kutoka Baghdad kwenda kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga, ambao nchi yao leo iko Tatarstan, Urusi. Mmoja wa wajumbe ni Ahmad ibn Fadlan, naye aliandika aliyoyaona. Walipitisha majira ya baridi njiani, mji wa Jurjaniyya, na anasema alikuwa akitoka hamamu na akifika nyumbani ndevu zake ni kipande cha barafu, mpaka aziyeyushe motoni. Mtu wa Baghdad huyo! Alipofika kwa Wabulgari, Mei 922, akakumbana na jambo jengine. Usiku ulikuwa mfupi kiasi kwamba alikaa na mwenzake wakizungumza wakisubiri adhana ya isha, wakaisikia adhana, kumbe ni ya alfajiri. Muadhini akamwambia kuwa wao huiswali isha pamoja na magharibi, na kwamba yeye mwenyewe kwa muda wa mwezi mzima hakulala usiku kwa kuogopa imkosee swala ya subuhi. Huko mwezi wa Juni mchana hupita saa 17. Na ikifika Disemba mambo hugeuka, jua lachungulia kidogo na kujificha.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu chaonyesha ule mpango wa iqlimu saba ulikuwa na ukweli ndani yake. Kwenda kaskazini kweli mchana hurefuka na kufupika, na kweli baridi huzidi. Wazee wale hawakuwa wajinga. Kosa lao ni kudhani kuwa hicho ndicho kipimo pekee, na kwamba ukishajua mtu anaishi umbali gani kutoka ikweta umeshamjua na yeye mwenyewe.

UKURASA ULIONIUDHI

Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu niliikuta Muqaddima ya Ibn Khaldun maktaba, tafsiri yake. Jina la Ibn Khaldun nimelisikia tangu mdogo. Kwetu likitajwa hutajwa kwa heshima, baba wa elimu ya jamii, aliyezaliwa Tunis 1332. Nikaichukua kwa furaha kama mtu aliyekutana na babu yake. Nikafika mlango wa iqlimu za wastani na zisizo za wastani.

Anasema iqlimu ya nne ndiyo ya wastani kamili, ya tatu na ya tano ziko karibu nayo. Watu wa hizo tatu ndio wenye miji, elimu, ufundi, mavazi mazuri na tabia ya kati na kati. Ya kwanza na ya pili, ya sita na ya saba, ziko mbali na wastani, na watu wake, asema, mienendo yao iko karibu na ya wanyama. Anaeleza kuwa hewa ya joto ndiyo iletayo wepesi wa akili na kupenda ngoma. Anawatoa katika hukumu hiyo Wahabeshi na watu wa Mali, kwa kuwa wana dini na wako karibu na watu wa wastani. Zanji hakuwatoa. Na Zanji ndio sisi.

Wallahi nilikifunga kitabu. Si kwamba sijawahi kusoma maneno kama hayo, ya Wazungu wa wakati wa ukoloni tumesoma tele na hata hayashtui tena. Lakini hiki ni kitabu chetu. Nikikumbuka vile tulivyokuwa tukijisifu nacho mbele ya wenzetu, niliona haya.

Nilipokwenda nyumbani likizo nikampelekea maalim wangu jambo hili, nikidhani ataniambia niache kusoma vitabu vya falsafa. Hakusema hivyo. Aliniuliza, "Umekisoma chote, ama umesoma ukurasa ule ukakasirika?" Nikanyamaza. Akaniambia, "Rudi umalize, kisha uje."

Basi nikarudi, na nikakuta mambo matatu ambayo hasira ilininyima.

La kwanza, katika mlango huohuo Ibn Khaldun anakikataa kile kisa cha kuwa watu weusi waliwekwa rangi hiyo kwa laana ya Nabii Nuh juu ya mwanawe Ham. Kisa hicho kilitumiwa na watu wa dini mbalimbali kuhalalisha utumwa. Yeye anasema hapana, rangi ni kazi ya jua na hewa, na mtu mweusi akihamia baridi, vizazi vyake vitabadilika polepole. Kwa zama zake, miaka zaidi ya 600 nyuma, hilo si dogo.

La pili, kuna ufa ndani ya hoja yake mwenyewe. Kwa hesabu zake Yemen na Hijazi zimeangukia iqlimu ya kwanza na ya pili, yaani upande mbaya. Afanye nini na Makkah na Madina? Akasema bara la Waarabu limezungukwa na bahari pande tatu, na unyevu wa bahari umepunguza ukavu na joto lake. Maneno mazuri sana haya! Lakini ukishakubali kuwa bahari yaweza kuibadili iqlimu, iqlimu si umbali kutoka ikweta tena. Na kama bahari yaisaidia Aden, mbona isiisaidie Mombasa? Bahari ni hiyohiyo moja.

Na hoja ya ikweta alikuwa amewahi kuigusa mwengine kabla yake. Ibn Sina, tabibu wa Bukhara aliyefariki 1037, aliandika katika Qanun yake ya utabibu kuwa watu wa ikweta ndio walio karibu zaidi na mizani ya sawa, kwa sababu jua haliwatesi kwa kwenda na kurudi mbali, hawana majira yanayogongana. Akaongeza sharti: iwapo hakuna sababu nyengine za ardhini, kama milima na bahari. Ndugu yangu, sharti hilo dogo ndilo jiografia yote ya hali ya hewa iliyokuja baadaye.

La tatu ni hili. Mtu aliyeona kwa macho yake alikuwepo tayari. Ibn Battuta wa Tangier alifika pwani yetu mwaka 1331. Alilala Mombasa usiku mmoja, akawasifu watu wake kwa dini na uadilifu, akaeleza misikiti yao ya mbao iliyojengwa imara na visima vilivyo milangoni, mtu anateka maji kwa kata na kuosha miguu kabla ya kuingia. Kilwa aliihesabu katika miji mizuri na iliyojengwa vyema kabisa, na akasema mvua zake ni nyingi. Mvua nyingi, ndani ya ule mkanda ulioungua! Safari yake iliandikwa Fez na kukamilika 1355. Ibn Khaldun aliimaliza Muqaddima 1377. Tena habari za Ibn Battuta zilimfikia, amemtaja ndani ya kitabu. Anasimulia kuwa watu wa kasri la sultani Fez walikuwa wakinong'ona kwamba Ibn Battuta ni mwongo kwa yale aliyoyasimulia ya India. Ibn Khaldun akaenda kwa waziri mmoja na shaka hizo. Waziri akampigia mfano wa mtoto aliyekulia gerezani na babake. Mtoto alikuwa akila nyama asijue ni ya mnyama gani. Baba akimweleza kondoo alivyo, mtoto auliza, ni kama panya? Akiambiwa ngamia, auliza vilevile. Kwa sababu mle gerezani mnyama aliyemuona maishani mwake ni panya tu.

Ibn Khaldun aliuandika mfano huo kwa kuukubali. Alijua kuwa mtu hukanusha asichokiona. Kisha alipofika kwetu, asikotia mguu, akahukumu kwa jedwali la saa za mchana.

MILIMA, BAHARI NA PEPO

Hesabu ile ilikaa mpaka watu walipoanza kubeba vipimajoto na kupanda milima. Mwaka 1802 Mjerumani Alexander von Humboldt alikuwa akipanda mlima Chimborazo, katika Ecuador ya leo, nyuzi 1 na nusu hivi kusini, yaani karibu sawa na Nairobi. Chini aliacha misitu ya joto, na kila akipanda mimea ilibadilika, mpaka akafika penye barafu, pale pale chini ya jua la ikweta. Mwaka 1817 alichapisha mistari inayounganisha mahali penye wastani sawa wa joto. Mistari ile haikwenda sambamba na latitudo. Ilipinda. Ulaya ya magharibi ilionekana ina joto zaidi kuliko pwani ya mashariki ya Marekani iliyo latitudo moja nayo, kwa sababu ya bahari na pepo.

Kuhusu pepo, nisiwasifu sana Wazungu, wazee wetu walikuwa na lao. Neno wanalolitumia duniani kote kwa pepo za msimu, lile lililoingia Kireno na Kiingereza, ni msimu wetu wenyewe, kwa Kiarabu mawsim. Edmond Halley wa Uingereza aliandika kuzieleza pepo hizi mwaka 1686, na wakati huo majahazi yalikuwa yameshakwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi karne nyingi. Kaskazi huleta majahazi kutoka Uarabuni na India, kuanzia Disemba hivi mpaka Machi. Kusi huyarudisha, kuanzia Aprili. Katikati ni tanga mbili, upepo haujui waenda wapi, na hapo ndipo masika na vuli zetu zinapoingia. Asili yake ni bara la Asia: wakati wa joto huwaka na hewa yake kupanda, ikavuta hewa ya bahari, wakati wa baridi hupoa na kuisukuma hewa nje.

Na hapa ndipo nilipopata jibu la Wajir. Congo iko kwenye ikweta na ni msitu. Wajir iko kwenye ikweta na ni nyika kavu. Kosa la nani? La pepo kwa sehemu kubwa. Kusi ikishapita kwetu hugeuka na kuufuata ufuo wa Somalia kuelekea India, na ule unyevu huenda ukamwagwa Kerala na Mumbai. Kaskazi nayo yatoka upande wa Uarabuni, mkono mtupu. Mwenzangu nilipomueleza alicheka, akasema kumbe Wahindi wanakunywa mvua yetu.

HERUFI TANO

Aliyezikusanya habari hizi zote kwenye mpango mmoja ni Wladimir Köppen. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1846 katika familia yenye asili ya Kijerumani, na ujanani alikuwa akisafiri baina ya mji huo wa baridi na Crimea kusini, akitazama jinsi miti inavyobadilika njiani. Baadaye alifanya kazi Hamburg kwenye idara ya mambo ya bahari. Wazo lake ni jepesi: usimuulize mwanafalsafa, uliza mmea. Mmea hautembei wala hausemi uongo, ukiota mahali maana yake joto na maji ya hapo yanautosha. Alitoa mpango wake 1900, akaurekebisha 1918 na tena 1936, na mpaka leo ndio unaotumika mashuleni na vyuoni. Ni herufi tano.

A ni joto la mwaka mzima: hata mwezi wa baridi zaidi wastani haushuki chini ya nyuzi 18. Ndani yake mna misitu ya mvua isiyokatika, kama Congo na Amazon na Indonesia. Mna nchi za mvua ya msimu kama pwani ya magharibi ya India. Na mna savana, nusu mvua nusu ukavu, ambayo ndiyo iliyoenea Afrika. Mombasa ni A. Mvua yake yapata milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi ikiwa Mei.

B ni ukavu. Hapa hakutazamwi joto peke yake bali hesabu ya maji: yale yanayoweza kupaa hewani yanazidi yale yanayonyesha. Yako majangwa ya joto, kama Sahara na Rub al-Khali, na yako ya baridi kama Gobi. Mengi yamejipanga kwenye nyuzi 20 mpaka 30, kaskazini na kusini, na sababu yake yachekesha: hewa inayopanda kwetu ikweta ikimwaga mvua lazima ishuke mahali, na huko inakoshuka hushuka kavu, ikafukuza mawingu. Makkah, nyuzi 21 kaskazini, iko chini ya hewa hiyo. Majangwa mengine, kama Namib na Atacama, yana sababu ya ziada, mikondo ya maji baridi inayopita ufuoni.

C ni wastani, mwezi wa baridi zaidi uko chini ya nyuzi 18 lakini haushuki chini ya -3. London ni C, mvua nyepesi kila wakati. Tunis na Tangier ni C ya Mediterania, mvua huja wakati wa baridi na kiangazi ni kikavu, nchi za zaituni na zabibu. Ndio, ni kwao Ibn Khaldun na Ibn Battuta. Mtu huona pahala pake ndipo katikati ya dunia, na sidhani nasi tungefanya vyengine. Lakini Nairobi pia ni C! Mwezi wa Julai wastani wake ni kama nyuzi 16. Iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Mji wa iqlimu ya kwanza, na hewa yake ni jamaa ya ile iqlimu iliyosifiwa.

D ni nchi za Ibn Fadlan: baridi kali ya theluji, kisha kiangazi cha joto la kutosha miti kukua. Moscow, Kazan, Siberia, Canada. Verkhoyansk kule Siberia kumewahi kupimwa -67.8 mwaka 1892 na 38 juu ya sufuri mwaka 2020, mji mmoja. Hali hii yataka bara pana lililo mbali na bahari, ndio maana kusi mwa dunia karibu haipo kabisa. E ni pale ambapo hata mwezi wa joto haufiki nyuzi 10: Greenland, Antarctica na vilele vya milima. Kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, ni E.

Kwa hivyo Kenya moja, yote ndani ya iqlimu ya kwanza ya wazee, ina A, B, C na E. Tumekosa D tu.

Niliporudi kwa maalim na haya, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na Ibn Khaldun alifia wapi?" Nikamwambia Cairo, katika mwezi wa Ramadhan, mwaka 808 Hijria, yaani 1406. Alikuwa ameishi huko miaka zaidi ya 20 na kuusifu mji ule sifa kubwa. Kwa hesabu yake uko iqlimu ya tatu, karibu na wastani. Nikaenda kuutafuta kwenye ramani ya Köppen. Cairo ni B, jangwa. Mvua yake ni milimita 25 hivi kwa mwaka, na Wajir hupata zaidi ya mara kumi ya hizo. Kinachoiweka hai ni mto Nile, na maji ya Nile yatoka milima ya Habasha na ziwa Victoria, mvua ya iqlimu ya kwanza.

Usiku ule wakati wa kufuturu nilimsomea mwenzangu wa Wajir hesabu hiyo. Alikuwa ameshika tende. Akasema, "Sasa huyo Ibn Khaldun wako angekuja kwetu badala ya Cairo, tungempa maziwa ya ngamia, na joto ni lilelile."